Msimu Tuliotaka Kumfufua Taa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, katikati ya kikao. Ofisi yetu haina dari, ni bati tupu, kwa hiyo Mhariri mpya alilazimika kupaza sauti, na neno likipazwa huonekana kali kuliko lilivyo. Ndiyo maana nayaandika hapa, ili niyaone yakiwa yametulia.

Wiki iliyopita alichukua nakala kumi za toleo la 261 la jarida letu la katuni akawapelekea watu ambao hawajawahi kutusoma: kwenye saluni, kwenye foleni ya zahanati, kwa mafundi viatu. Tisa waliliweka chini kabla ya ukurasa wa nne. Alipowauliza sababu, wote walimjibu kwa swali: hawa ni akina nani? Wa kumi alimaliza, lakini huyo alikuwa anasubiri kung'olewa jino.

Anachotaka ni hiki. Juni tufunge na toleo la 264. Julai tuanze upya na Toleo la Kwanza, kana kwamba miaka ishirini na miwili haikupita. Zege, shujaa wetu, awe kijana tena. Na Taa, mdogo wake aliyekufa, awe hai.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

Mchoraji, ambaye tumekuwa naye tangu siku ya kwanza ya jarida hili na ambaye huongea kana kwamba maneno ameyaazima, alikuwa anachonga penseli. Alichonga mpaka ikabaki urefu wa kidole gumba.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akajibu. "Huyu tunampa nyumba."

Mimi, mwandishi wa hadithi, nilisema nitafikiri. Nimepewa mpaka tarehe 26 Mei kuleta mswada.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sikufikiri.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri ameniagiza nieleze Zege ni nani, kwa ukurasa mmoja, kwa mtu asiyejua chochote. Nimechana karatasi tatu. Ya nne inasema hivi:

Zege alikuwa kibarua wa ujenzi. Siku ya kumwaga sakafu ya ghorofa ya tatu jengo lilianguka, naye akafunikwa na zege bichi kwa siku tatu. Alipotolewa alikuwa mgumu kama nguzo. Hasikii maumivu, hachoki, halali. Kazi yake ni kushikilia vinavyoanguka: madaraja, kuta, kingo za bwawa. Akifika kwenye kazi husema, "Zege halilali," na wasomaji hucheka, maana kila mtu amewahi kuambiwa hivyo na msimamizi mkali. Udhaifu wake ni mmoja. Kwenye vumbi haoni. Kwa hiyo mdogo wake wa kike, Taa, ambaye hana nguvu zozote za ajabu, hutangulia mbele na tochi. Katika toleo la 138 Taa aliangukiwa na ngazi akiwa anatoa watu. Tangu hapo Zege hufanya kazi gizani.

Huo ndio ukurasa. Nilichokiacha ni kwamba Taa ni mdogo wangu. Nilimwandika angali hai, bila kumwambia: akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, akikosea methali. "Mvumilivu hula mbichi," alikuwa akisema, na ukimsahihisha anakuuliza kama umewahi kuona mtu mwenye njaa akisubiri iive. Miaka kumi iliyopita alifariki kwa homa ya siku nne. Niliendelea kumwandika miezi miwili, kisha mkono ukakataa. Ndipo likaja toleo la 138.

Mchoraji anajua. Mama hajui, kwa sababu Mama hakuwa akijua kusoma.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika "hakuwa". Mwaka jana, akiwa na miaka sabini na moja, Mama alijiandikisha darasa la watu wazima. Nilidhani amechoka kukaa nyumbani. Leo amekuja mezani kwangu na miwani mkononi.

Akasema amesoma maandishi ya kwenye chupa za dawa, amesoma tangazo la kukatika maji, na amesoma hadi barua ya jirani iliyoletwa kwetu kwa makosa. Sasa anataka hayo ninayoandika.

Toleo la 261 ndilo lililokuwa mezani. Nikampa. Ukurasa wa kwanza umemchukua dakika arobaini, kwa kidole.

Jumatano, 12 Machi

Mama yuko ukurasa wa pili.

Alhamisi, 13 Machi

Bado wa pili. Analalamika kuwa mvua kwenye bati inafunika sauti yake mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Mama amefika ukurasa wa tano. Kwenye ukurasa huo Zege amesimama peke yake, ameshika kandambili moja ya bluu. Hakuna neno hata moja. Mimi na Mchoraji tulijivunia sana ukurasa huo. Wasomaji wetu wa siku nyingi walituandikia kwamba waliufunga wakakaa kimya.

"Ya nani hiyo?" Mama akauliza.

Nikamwambia ni ya mdogo wake.

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Imeandikwa wapi?"

Nilichukua jarida nikapekua mbele na nyuma. Haikuandikwa popote. Haijaandikwa popote kwa miaka minne, nimehesabu. Sisi tunajua, wao wanajua, basi.

"Sasa umemwandikia nani?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza nani kaacha bomba wazi.

Nilikuwa nimemdharau Mhariri kwa sababu kabla ya kuja kwetu alikuwa akitangaza sabuni. Nilimwambia Mchoraji kwamba mwanamke huyu anadhani shujaa ni kitu cha kutoa povu. Leo mama yangu mzazi amejiunga na foleni ya zahanati.

Alhamisi, 27 Machi

Habari imevuja, nadhani kupitia watu wa kiwandani wanakotuchapia. Mpaka jana barua zilikuwa sitini na nne. Nimezisoma zote. Wengi wa wasomaji wanaandika kama ndugu wanaogombea shamba la baba. Mmoja anasema alimfundisha mwanawe kutembea siku lilipotoka toleo la 30, na kwamba tukilifuta toleo hilo tumfute na mtoto.

Ipo barua ya Fundi Saa. Hilo ndilo jina analotia sahihi. Kwa miaka kumi na saba ametuandikia barua moja kwa kila toleo, kutusahihisha. Toleo la 77 Zege alivunjika kidole cha kushoto. Toleo la 79 kilichofungwa bandeji ni cha kulia. Hakuna aliyetuchunga kama yeye, hata sisi wenyewe. Safari hii barua yake ina maneno mawili: "Naomba kuja."

Jumatano, 2 Aprili

Amekuja. Miaka yote hii nilidhani ni mzee mwenye mvi. Kumbe ana miaka thelathini na mitano, mwembamba, na ana alama ya mviringo kuzunguka jicho la kulia kwa sababu ya ile lenzi ya kutengenezea saa. Alianza kutusoma akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaweka mwavuli wake ndani ya ndoo ya takataka ili usitulowanishie sakafu.

Alisema hakuja kugombana. Alieleza kwamba mwezi aliokufa Taa alifunga duka siku nzima. Wateja walipomuuliza nani kafiwa, alijibu ni mtu wa nyumbani.

"Dada, mkimfufua," akasema, "mimi nilimlilia nani?"

Nikamuuliza kuhusu wasomaji wapya: wao waanzie wapi? Waanzie tulikoanzia sisi, akasema. Kisha akanisimulia habari ya msichana mmoja mwenye sare ya shule aliyeingia dukani kwake kubadilisha betri, akaokota jarida kaunta, akauliza kwa nini mtu huyu halali. Fundi Saa alimtoa jarida mkononi akamwambia akatafute toleo la kwanza, asome yote, ndipo arudi kuuliza.

"Akarudi?"

"Hakurudi."

Alilisema kama mtu aliyepiga kufuli vizuri. Nilimwona kuwa ni mlinzi aliyejiweka mwenyewe kwenye lango la nyumba yangu. Nilimpa saa yangu iliyosimama aitengeneze, ili kikao kiishe kwa jambo jingine.

Jumanne, 8 Aprili

Barabara ya ofisini imejaa maji. Nimefanya kazi nyumbani. Nimeandika ukurasa wa kwanza wa Zege mpya, kwa kujaribu tu, nione Mhariri anataka nini. Taa anaingia na tochi na kuuliza nani kazima jua.

Ijumaa, 11 Aprili

Kurasa kumi na moja kwa siku tatu. Sijaandika kwa kasi hii tangu nikiwa na umri wa Mhariri. Nikiweka kalamu mezani, Taa ameshasema. Leo alimjibu Zege jambo, nikacheka peke yangu, Mama akachungulia kutoka jikoni kuona nimepatwa na nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kurasa nne.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikuwa ofisini Fundi Saa alipoleta saa yangu nyumbani. Mama alimkaribisha, akampa chai, na akamwambia kwamba anasoma kazi za bintiye lakini haelewi, na kwamba bintiye akiulizwa hujibu kama karani. Asome zipi ili aelewe?

Kijana akachana karatasi kwenye daftari lake akaandika namba tisa. Mama ameibandika ukutani kwa plasta ya kidonda: 1, 9, 30, 52, 77, 101, 120, 138, 200.

"Ana adabu," Mama akasema. "Hakunicheka."

Nilipitia dukani kwake jioni hiyohiyo, wakati anafunga. Nilimuuliza imekuwaje yule msichana wa sare aliambiwa asome yote, na mama yangu akapewa tisa. Alifikiri sana huku akifuta kioo cha kaunta.

"Mama aliniuliza kama mtu anayeuliza njia," akasema. "Mtu akikuuliza njia, humwambii arudi alikotoka." Kisha akaongeza: "Na yule msichana aliuliza hivyohivyo. Mimi ndiye sikusikia."

Huyu mtu nilimhukumu mapema.

Jumatano, 23 Aprili

Nimempa Mama matoleo manane kutoka kabatini. La 138 nimelipeleka ofisini na kulifungia kwenye droo. Nimemwambia limepotea. Si jambo la kujivunia.

Alhamisi, 1 Mei

Mama sasa anamaliza toleo moja kwa siku mbili. Kidole kinatangulia, sauti inafuata. Leo ni la 52. Alipofika pale Taa anapomwambia askari "haraka haraka haina kamba", alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu msichana namjua," akasema.

Nikaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika siku hii yote kama ilivyokwenda.

Nilirudi saa tisa alasiri. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, kuna mwanga mzuri pale hata mvua ikinyesha. Mapajani alikuwa na jarida ndani ya mfuko wa nailoni. Nilitambua jalada kabla sijavua viatu. Alikuwa amemtuma jirani dukani kwa Fundi Saa kuuliza kama anayo nakala ya 138, kwa kuwa ya kwetu imepotea. Naye akatoa ya kwake, ambayo kwa miaka kumi hakuna mkono mwingine ulioigusa.

"Kaa," Mama akasema. "Nimefika mwisho, nataka unisikilize kama nasoma sawasawa."

Nikakaa. Akasoma. Yupo Zege ameinua ngazi kwa mgongo. Yupo Taa chini yake, tope mpaka shingoni, tochi bado inawaka. Nilikuwa najua kila kiputo cha maneno kinachokuja. Mama alisoma kwa kukata silabi, kama anavyofundishwa: "Ka-ka, u-si-ni-be-be. Ni-ta-ku-cha-fu-a."

Akairudia kimoyomoyo, naona midomo ikitembea. Akairudia tena kwa sauti, safari hii bila kukata.

"Kaka, usinibebe. Nitakuchafua."

Mdogo wangu aliyasema maneno hayo siku ya nne, Mama alipotaka kumnyanyua kitandani ampeleke bafuni. Alikuwa ametapika. Alisema, "Mama, usinibebe. Nitakuchafua." Chumbani tulikuwa watatu tu. Ni maneno ya mwisho aliyosema akiwa na fahamu zake.

Mama aliweka kiganja juu ya ukurasa, akaufunika.

"Huyu ni mwanangu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Tangu la kwanza."

"Na wamesoma watu wangapi?"

Nilimwambia kwamba toleo lile lilichapwa nakala elfu thelathini, na huenda kila nakala ilipita mikononi mwa watu wawili au watatu. Sijui kwa nini nilikuwa na haraka ya kutoa hesabu kamili. Nadhani namba ilikuwa kitu pekee nilichoweza kukishika.

Aligeukia dirisha. Mwanamke mmoja alipita barabarani amejifunika beseni kichwani.

"Watu elfu thelathini wamemlilia mwanangu," Mama akasema. "Na mimi ndiye wa mwisho kujua."

Hakuinua sauti. Alilirudisha lile jarida kwenye nailoni, akaikunja pembe zake moja moja, akanyanyuka. Mlangoni mwa chumba chake alisimama akaniuliza kama nililificha la kwetu au lilipotea kweli. Nikasema nililificha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu, akafunga mlango.

Jumamosi, 10 Mei

Mama hasemi.

Jumapili, 11 Mei

Hasemi. Amepika, amenipakulia, amekula chumbani.

Jumanne, 13 Mei

Amesema nichukue mwavuli.

Ijumaa, 16 Mei

Leo ameanza yeye. Fundi Saa, alipokuja kuchukua nakala yake, alimweleza kwamba ofisini wanataka kumfufua Taa. Akaniuliza kama ni kweli na kama nimeshaandika. Nikamletea mswada, kurasa thelathini na mbili. Nilikuwa natumaini kitu. Nilidhani akimwona hai, akimsikia akiongea, atanisamehe lile jingine.

Alisoma tangu asubuhi mpaka saa nane, bila kula. Hakucheka hata mara moja. Mwisho alizipanga karatasi vizuri akaziweka kati yetu.

"Ni mzuri huyu," akasema. "Anapatia methali zote."

Nikazichukua karatasi nikapekua. Kweli. Taa wangu mpya alikuwa na methali tano, zote zimekaa sawasawa kama za kwenye kanga. Sikuwa nimeona.

"Naweza kumkosesha," nikasema.

"Utamkosesha kwa akili yako. Ya kwake hunayo." Kisha akanieleza, polepole, kama anasoma. "Mimi imenichukua miaka kumi kuacha kusikiliza mlango. Ukimleta kila mwezi kwenye karatasi, nitaanza tena kusikiliza. Mwache alipo."

Nikasema wasomaji wapya hawaelewi, hata yeye mwenyewe hakuelewa. Tukimwacha alipo, tutarudi palepale.

"Nani kakwambia uwafiche?" akauliza. "Mgeni akija kwenye nyumba yenye msiba, huambiwa mlangoni, asije akaingia anacheka. Anaambiwa kwa maneno machache, anapewa kiti. Hapewi ukoo mzima wa marehemu. Wewe mlangoni hukuweka mtu."

Baada ya hapo akaomba chakula.

Jumatatu, 19 Mei

Mswada wa kurasa thelathini na mbili nimeufunga kwa kamba na kuuweka kabatini. Sikuuchoma. Zilikuwa siku nzuri.

Nimeanza mwingine. Ukurasa wa kwanza: mwanamke amehamia chumba cha chini katika jengo anakokaa Zege. Asubuhi anamkuta kwenye ngazi, amekaa. Anamuuliza mbona halali. Zege, ambaye kwa miaka minne hajamweleza mtu yeyote kitu, anamjibu kwa sentensi sita. Nimezihesabu na kuzipunguza kutoka kumi na nne. Kufikia mwisho wa ukurasa wa pili, mtu aliyeokota jarida hili leo anajua kwamba palikuwa na msichana, kwamba alishika tochi, na kwamba hayupo. Ukurasa wa tatu ukuta unaanza kupasuka.

Jumatatu, 26 Mei

Mhariri alisoma akiwa amesimama, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimewekewa ndoo za kukinga maji. Mchoraji alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina hoja zangu kwenye karatasi.

Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza, kisha akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipokuwa kidato cha pili alinunua toleo la 97 kwa sababu ya jalada. Akaenda nalo bwenini, akawauliza wenzake Taa ni nani. Walimcheka wiki nzima. Walimpachika jina "Taa ni Nani". Hakutugusa tena mpaka alipoona tangazo la kazi hii.

"Sikuja kubomoa," akasema. "Nilitaka kuingia."

Nilimtazama na kumwona kwa mara ya kwanza tangu Machi. Ana miaka thelathini na mmoja, viatu vyake vimelowa, na amekuwa akibeba jarida letu kwenye foleni za zahanati kwa mikono yake mwenyewe.

Alichukua nakala kumi za kuchapa kwa mashine ya ofisini akatoka nazo mvuani. Aliporudi saa kumi alisema saba wamemaliza. Wawili hawakumaliza. Mmoja aliitwa ndani kwa daktari akaondoka nayo.

Tumekubaliana jalada liandikwe Toleo la Kwanza kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, la 265. Mchoraji alisema ni kama mtu kuvaa suruali mbili. Lakini alikuwa anachora tayari.

Jumatano, 4 Juni

Manyunyu. Mchoraji anataka kujua mwanamke wa chini ana sura gani. Nikamwambia aje nyumbani anywe chai na Mama.

Jumanne, 17 Juni

Toleo la 264 lilitoka mwanzo wa mwezi. Barua kumi na mbili. Mvua imekatika siku ya tatu sasa.

Jumanne, 1 Julai

Limetoka.

Jumatatu, 14 Julai

Haya ndiyo yaliyotokea, kwa kifupi. Kuna bwana mmoja aliyeleta gunia la matoleo yake yote mapokezi, akalitua, akaondoka bila kusema. Baada ya siku nne alikuja kulichukua, pia bila kusema. Barua za wasomaji wa siku nyingi ni nusu kwa nusu. Wanaotulaumu wanaandika vizuri zaidi. Zimekuja barua ishirini na moja za watu ambao hawajawahi kutuandikia. Kumi kati yake zinauliza mwanamke wa chini anaitwa nani, na hilo hata mimi sijui.

Fundi Saa alisoma akiwa amesimama kwenye meza ya magazeti. Aliniambia hakupata kosa hata moja, na kwamba hilo halikumfurahisha. Sasa ametundika yale matoleo tisa kwa uzi kaunta, yeyote aketi asome anaposubiri saa yake. Yule msichana wa sare hajatokea. Anasema atasubiri.

Leo, ndani ya furushi la barua, ilikuwemo bahasha isiyo na stempu. Mwandiko mkubwa, mistari inapanda kilima. Nainakili kama ilivyo:

"Kwa Mwandishi. Mimi ni msomaji mpya. Toleo lako la Julai nimelisoma siku moja na nusu. Yule mwanamke wa chini anauliza vizuri lakini hakuna aliyempa hata maji, sahihisha. Mimi nilikuwa na mabinti wawili. Mmoja yumo humo na amekaa vizuri, sina neno. Wa pili ndiye anayeandika. Huyo simjui sana, kwa maana akiwa na jambo hanambii, anawaandikia watu elfu thelathini. Mwambie sasa najua kusoma. Aniandikie na mimi. Ni mimi, Mama yake Taa."

Niliipeleka kwa Mhariri iingie kwenye ukurasa wa barua. Akauliza kama hiyo sahihi ni utani wa msomaji. Nikasema si utani. Akanitazama, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: isisahihishwe.

Kisha nilirudi mezani kwangu, nikasogeza mswada wa Agosti pembeni, nikachukua karatasi safi. Juu yake nimeandika "Mama", nikaweka mkato.